Dawa za sindano za kulegeza misuli kwenye usingizi wa upasuaji: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila anapofika mtu mpya kwenye chumba cha upasuaji, maswali ni yaleyale. Nianze na dawa ipi? Niichanganye na maji kiasi gani? Nisubiri muda gani kabla ya kuweka tyubu ya kupumulia kooni? Mbona upasuaji umeisha na mgonjwa hapumui? Mwongozo huu ni kwa daktari aliye mafunzoni, tabibu au muuguzi anayejifunza kutoa usingizi katika hospitali za Dodoma na jirani zake, iwe Kongwa, Mpwapwa, Kondoa au Manyoni, pale ambapo mtaalamu wa kumwita yupo lakini si mlango wa pili. Ni wa kujifunzia ukiwa na msimamizi, si wa kukuruhusu kufanya peke yako. Utaratibu wa hospitali yenu ukisema tofauti, fuata huo.

Kabla ya yote shika hili: dawa ya kulegeza misuli haimlazi mgonjwa wala haimwondolei maumivu. Inafunga misuli tu, na ya kupumulia imo humohumo. Mtu aliyelegezwa bila kulazwa vizuri anausikia wembe, anayasikia mazungumzo yenu, na hawezi hata kupepesa kope kuwaambia. Tangu unaposukuma bomba hadi atakapoinua kichwa mwenyewe, pumzi yake iko mikononi mwako. Kwa hiyo swali la kwanza si dozi. Swali la kwanza ni kama utaweza kumpulizia hewa akishaacha kupumua.

Dawa utakazozikuta

Suksamethoniamu (tutaiita suksa) ndiyo ya haraka. Inashika ndani ya sekunde 45 hadi 60 na kuachia baada ya dakika 5 hadi 10. Ampuli ya kawaida ina miligramu 100 ndani ya mililita 2, yaani miligramu 50 kwa kila mililita. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto mchanga na mdogo miligramu 2 kwa kilo. Ni dawa ya kuwekea tyubu kwa haraka, hasa mgonjwa akiwa na tumbo lililojaa. Si ya kuendeshea upasuaji mzima.

Atrakuriamu na vekuroniamu ndizo za kuendeshea upasuaji. Atrakuriamu ina miligramu 10 kwa mililita; dozi ya kuanzia ni miligramu 0.5 kwa kilo, inashika baada ya dakika 2 hadi 3, inakaa dakika 20 hadi 35, na nyongeza yake ni miligramu 0.1 kwa kilo. Huvunjika yenyewe ndani ya damu kwa joto na hali ya asidi ya mwili, hivyo inamfaa mgonjwa wa figo au ini. Vekuroniamu huja kama unga, wa miligramu 4 au 10. Unga wa miligramu 10 ukichanganywa na maji ya sindano mililita 10 unapata miligramu 1 kwa mililita, hesabu nyepesi kuliko zote. Dozi ni miligramu 0.1 kwa kilo, nyongeza 0.02, na hukaa dakika 25 hadi 40. Kwa kuwa unga haudai friji, kituo chenye umeme wa kusuasua kingefanya vema kuagiza vekuroniamu kwanza.

Rokuroniamu ukiipata ni nzuri: miligramu 0.6 kwa kilo kwa kazi ya kawaida, 1.2 kwa kilo pale unapotaka ishike haraka karibu kama suksa. Lakini dozi hiyo kubwa itamlegeza kwa saa nzima au zaidi, na dawa yake maalumu ya kuirudisha ni ghali na ni adimu. Pankuroniamu hukaa saa moja hadi moja na nusu na kuyapandisha mapigo ya moyo; mwanzoni iache.

Ya kurudishia, yaani ya kuuondoa ulegevu mwishoni, ni neostigmini, miligramu 0.05 kwa kilo, isizidi miligramu 5, ikiambatana na atropini miligramu 0.02 kwa kilo. Hizi mbili hazitengani. Neostigmini peke yake inaweza kuusimamisha moyo.

Friji na joto la Dodoma

Suksa, atrakuriamu na rokuroniamu hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Zikitolewa nje haziharibiki saa hiyohiyo. Atrakuriamu, kwa mfano, hupewa siku 14 kwenye joto la nyuzi 25. Ila chumba cha stoo chenye bati, Oktoba au Novemba hapa kwetu, hakiko nyuzi 25. Dawa iliyopikika haibadiliki rangi wala haitoi harufu. Utaijua tu pale mgonjwa anapokataa kulegea huku umeshamlaza.

Andika tarehe ya kutolewa kwenye friji kwa kalamu isiyofutika, juu ya kichupa chenyewe wala si kwenye boksi. Safiri na kibaridi chenye barafu unapochukua dawa mjini, lakini barafu isigusane na ampuli. Na jambo linalosahaulika sana: friji ya chumba cha upasuaji mara nyingi ndiyo hiyohiyo ya oksitosini na insulini. Ampuli ndogo za kioo zinafanana. Dawa za kulegeza zikae kwenye kopo lake lenye kifuniko, lililoandikwa kwa herufi kubwa INAZUIA PUMZI. Mama aliyejifungua akichomwa suksa kwa kudhaniwa ni oksitosini, ana dakika chache tu.

Andaa haya kabla mgonjwa hajaingia

Oksijeni ya aina mbili. Mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani hufa umeme ukikatika, hivyo silinda iliyojaa, yenye spana yake na kipimo kinachosoma, isimame pembeni. Ambu (mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono) yenye barakoa inayoziba vizuri, uliyoijaribu kwa kuiminya huku umeziba tundu kwa kiganja. Mashine ya kufyonza mate na matapishi, imewashwa, mrija wake uko chini ya mto. Laringoskopu (chuma cha kufungulia koo) mbili zenye taa inayowaka nyeupe, si ya manjano. Tyubu tatu: mwanamke 7.0, mwanamume 7.5 au 8.0, na moja ndogo zaidi ya unayoitarajia. Mjamzito anza na 6.5 au 7.0 kwa sababu koo lake limevimba. Kwa mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja gawa umri kwa 4, jumlisha 4 kama tyubu haina puto, au 3.5 kama inalo. Waya wa kuelekezea tyubu au buji (kijiti laini cha kuiongozea), mrija wa mdomoni, na barakoa ya koo kwa siku tyubu itakapokataa.

Vipimo: oksimita (kipimo cha oksijeni ya damu) yenye mlio, mashine ya presha, stetoskopu, na kapnografu (kipimo cha hewa ya kaboni anayoitoa) kama ipo. Kifaa cha kusisimua neva kikiwepo kitumie kila mara, kwa kuwa mengine yote tunayoyatazama kwa macho ni makisio.

Dawa ziwe kwenye mabomba tayari: ya kulaza, ya kulegeza, atropini, adrenalini, na ya kupandisha presha. Kila bomba libandikwe karatasi yenye jina na miligramu kwa mililita. Za kulegeza misuli zina rangi nyekundu katika mfumo wa kimataifa. Kama huna karatasi nyekundu, funga plasta na uandike kwa wino mwekundu. Bomba lisiloandikwa linatupwa hata kama mwenye kulivuta anaapa analijua.

Maswali ya kumuuliza mgonjwa

Ukiacha historia ya kawaida, haya ndiyo yanayoamua uchague dawa gani.

Je, yeye au ndugu wa damu aliwahi kuchelewa kuzinduka, kupanda joto kali, au kufia kwenye usingizi? Je, ameungua moto? Suksa haifai kuanzia saa 24 baada ya kuungua sehemu kubwa, na marufuku hiyo hudumu hadi vidonda vipone kabisa na zaidi. Vivyo hivyo aliyepooza miguu baada ya ajali, aliyelala kitandani wiki nyingi, aliyebanwa na gari misuli ikapondeka, mwenye ugonjwa wa misuli, na mgonjwa wa figo ambaye potasiamu yake iko juu. Kwa hawa wote suksa inaweza kuimwaga potasiamu kwenye damu ghafla na moyo ukasimama mezani.

Kwa mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi, ongeza hili: "Mzee, wiki hizi umepuliza dawa shambani?" Baadhi ya viuatilifu, vile vya jamii ya organofosfeti, huua kimeng'enya kilekile kinachovunja suksa. Aliyepuliza bila kujikinga, au aliyeinywa sumu hiyo, suksa ya dakika 8 inaweza kumkaa saa kadhaa.

Je, mama amepewa magneziamu kwa kifafa cha mimba? Magneziamu hurefusha kazi ya atrakuriamu na vekuroniamu. Gentamaisini nayo huzirefusha, ingawa si kwa kiasi hicho.

Kisha mfundishe ishara za mwisho angali macho: kuinua kichwa, kubana mkono wako, kutoa ulimi. Wazee wengi wa vijijini huelewa Kigogo upesi kuliko Kiswahili, zaidi wakiwa na usingizi kichwani. Mwite ndugu au muuguzi anayekijua, mkubaliane neno la kutumia. Usipofanya hivyo, baadaye hutajua kama bibi hakuinua kichwa kwa sababu hana nguvu au kwa sababu hakukuelewa.

Hesabu ifanyike kwenye karatasi

Chukua mgonjwa wa kilo 60, aliyepimwa kwenye mizani, si kwa macho. Suksa 1.5 × 60 ni miligramu 90, yaani mililita 1.8 za ampuli isiyochanganywa. Atrakuriamu 0.5 × 60 ni miligramu 30, mililita 3. Vekuroniamu ni miligramu 6, mililita 6 za mchanganyiko wa hapo juu. Neostigmini ni miligramu 3, na kwa ampuli ya miligramu 2.5 kwa mililita hiyo ni mililita 1.2. Atropini miligramu 1.2.

Kwa mtoto, changanya suksa miligramu 100 na maji hadi mililita 10, upate miligramu 10 kwa mililita. Mtoto wa kilo 10 atachukua miligramu 20, mililita 2. Andika mchanganyiko mpya juu ya bomba palepale. Kosa linalorudiwa ni mtu kuchanganya kwa ajili ya mtoto wa asubuhi, kisha bomba lilelile likatumika kwa mtu mzima wa mchana kana kwamba ni ampuli kamili: amepewa sehemu ya tano ya dozi, amekaza nusu, na koo halifunguki.

Hatua zenyewe

1. Pitia orodha ya usalama wa upasuaji kwa sauti, timu nzima ikisikia. Mwambie daktari mpasuaji kama unatarajia koo gumu. Kanula iwe ya kijani au ya kijivu, ijaribiwe kwa mililita 10 za maji ya chumvi huku ukitazama ngozi juu yake isivimbe.

2. Mlaze kichwa kikiwa juu ya mto imara, shingo imeinama mbele kidogo na uso umetazama juu. Mnene au mjamzito muinulie mabega pia, hadi tundu la sikio lilingane na mfupa wa kifua. Mjamzito aegemezwe kushoto.

3. Mpe oksijeni kwa barakoa iliyoziba vizuri, dakika 3 hadi 5 za kupumua kawaida. Kama hakuna muda, pumzi 8 nzito. Usiruke hatua hii hata daktari mpasuaji akiwa ameshavaa glovu. Hii ndiyo akiba atakayoishi nayo wakati hapumui, na mjamzito, mtoto na mnene huimaliza upesi sana.

4. Mlaze: ketamini miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, au propofoli karibu miligramu 2 kwa kilo, ukipunguza kwa mzee na kwa aliyepoteza damu. Hakikisha amelala kwa kumwita na kugusa kope.

5. Kama ni mgonjwa aliyefunga kula na si dharura, jaribu sasa kumpulizia kwa ambu au mashine. Kifua kinainuka? Endelea. Hakiinuki? Rekebisha kidevu, weka mrija wa mdomoni, shikeni barakoa watu wawili. Dawa ya kukaa muda mrefu isiingie kabla hujaona kifua kikiinuka. Kwa mwenye tumbo lililojaa hatua hii haifanyiki: msaidizi anabana gegedu la koo (pete ngumu ya mbele ya koo), na suksa inafuata dawa ya kulaza mara moja.

6. Safisha mrija kwa maji ya chumvi kati ya dawa na dawa. Thiopentoni, dawa nyingine ya kulaza, ikikutana na dawa za kulegeza ndani ya mrija huganda kama chaki na kuuziba.

7. Sukuma dawa ya kulegeza, sema kwa sauti jina na kiasi, kisha tazama saa. Kwa suksa utaona misuli ikitetemeka: kwanza kope na mashavu, halafu shingo na mabega, kisha tumbo, mapaja, na mwisho vidole vya miguu. Vidole vikitulia, koo liko tayari. Mtetemo huo unaweza usionekane kwa mtoto mdogo au kwa mama mwenye magneziamu mwilini. Hapo fuata saa, sekunde 60 kamili. Kwa atrakuriamu na vekuroniamu subiri dakika 3 ukimpulizia taratibu. Anayeingiza laringoskopu sekunde ya 30 hukutana na kikohozi, nyuzi za sauti zilizofungwa na meno yaliyobana chuma, halafu hulaumu dawa.

8. Weka tyubu, jaza puto, sikiliza kwanza juu ya tumbo kisha makwapa yote mawili. Kapnografu ikionyesha mawimbi pumzi baada ya pumzi ndiyo uthibitisho. Kama huna, tazama kifua, ukungu ndani ya tyubu na oksimita, na ukumbuke kwamba oksimita huchelewa kushuka. Ukitilia shaka, toa tyubu umpulizie kwa barakoa. Gegedu la koo liachiwe baada ya kuthibitisha, si kabla.

9. Fungua dawa ya usingizi wa kuvuta, halotheni au isoflureni, mara tu tyubu ikishafungwa, au panga ketamini ya nyongeza kwa saa. Hapa ndipo wanaoanza wanapomdhulumu mgonjwa bila kujua: ile ya kulazia inakwisha dakika ya 10, atrakuriamu bado ina dakika 20, na chombo cha halotheni kimefungwa au ni kitupu. Kiangalie kwa jicho, si kwa kumbukumbu. Machozi, jasho kwenye paji la uso, mapigo na presha kupanda pamoja ni kilio cha mtu asiyeweza kulia.

10. Kama uliweka tyubu kwa suksa, subiri dalili kwamba imeachia, yaani mgonjwa ajaribu kupumua, ndipo umpe atrakuriamu au vekuroniamu. Ukiunganisha bila kusubiri, hutajua kamwe kama suksa ilikuwa imekwama. Mpulizie mara 10 hadi 14 kwa dakika, mililita 6 hadi 8 kwa kilo kila pumzi.

11. Daktari akisema "tumbo limekaza", usikimbilie nyongeza. Kwanza tazama kina cha usingizi na maumivu, maana mara nyingi kinachokosekana ni hicho. Ikiwa usingizi ni mzuri na dakika 20 zimepita, toa nyongeza ndogo. Halotheni na isoflureni huzipa nguvu dawa hizi, hivyo nyongeza ya theluthi mbili ya dozi ya kitabuni mara nyingi inatosha. Dakika 20 hadi 30 za mwisho hakuna nyongeza; muulize mpasuaji mapema amebakiza nini.

12. Mpe joto. Mgonjwa aliyepoa hukaa na dawa muda mrefu. Juni na Julai, upepo wa Dodoma ukipita dirishani, funika miguu na kichwa na pasha moto dripu.

13. Kurudisha: ngoja mgonjwa aonyeshe dalili kwamba dawa imeanza kuachia. Kwa kifaa cha kusisimua neva, kidole gumba kiitikie mara mbili au zaidi kati ya nne, na nne ni bora. Bila kifaa, ziwe zimepita angalau dakika 20 hadi 30 tangu dozi ya mwisho na aanze kujivutia pumzi. Ndipo uchome neostigmini na atropini, bomba moja, polepole kwa dakika nzima. Neostigmini huchukua hadi dakika 10 kufika kileleni. Ziache zipite.

14. Fyonza koo, kisha mwite kwa jina la heshima: "Mama, fungua macho. Inua kichwa. Moja, mbili, tatu, nne, tano." Kichwa kikae juu sekunde 5 zote, mkono ubane kwelikweli, pumzi iwe ya kifua kizima, ameze, akohoe. Mtoto mchanga akunje mapaja na kuinua miguu. Hapo toa tyubu. Kuinua kichwa ni dalili nzuri lakini si hati ya kumalizia. Wapo wanaoiweza huku koo lao bado dhaifu, kwa hiyo oksijeni na oksimita viende naye hadi chumba cha kuzindukia.

15. Kabla hajatoka mezani, sukuma mililita 10 za maji ya chumvi kwenye kanula na kila tawi la mrija. Tone la atrakuriamu lililobaki humo humlegeza upya muuguzi anapochoma antibayotiki wodini, mbali na ambu.

Mambo yakienda kombo

*Suksa imeingia, dakika moja na nusu imepita, bado amekaza.* Tazama kanula: ngozi imevimba? Dawa imeenda kwenye nyama. Tazama bomba: mchanganyiko ni upi? Tazama tarehe ya kutoka friji. Kama mshipa ni mzuri, chukua ampuli nyingine ya friji urudie mara moja, atropini ikiwa mkononi, maana dozi ya pili ya suksa hushusha mapigo, kwa mtoto hasa. Ikiwa taya pekee limekaza kama limefungwa nati huku mwili umelegea, acha halotheni, mpulizie, na mfuatilie joto na mapigo: huenda ni mwanzo wa mwili kupanda joto hatari.

*Koo halionekani.* Majaribio yasizidi matatu, na kila mara ubadilishe kitu: mto, ukubwa wa chuma, buji, mkono wa mtu mwingine. Kati ya majaribio mpulizie oksijeni. Oksimita ikishuka chini ya 92, acha kutafuta, puliza. Barakoa ya koo iingie mapema. Ukishindwa kuweka tyubu na pia ukashindwa kupuliza, njia ni kupasua utando wa mbele ya koo. Wembe na tyubu namba 6 vijulikane vilipo kabla ya siku hiyo.

*Mapigo yameshuka.* Oksijeni kwanza, hasa mtoto. Kisha atropini miligramu 0.6 kwa mtu mzima, 0.02 kwa kilo kwa mtoto.

*Presha imeanguka baada ya atrakuriamu.* Wekundu kifuani na presha kushuka kidogo hutokea ukiisukuma haraka. Dripu na subira vinatosha. Lakini presha ikiporomoka, kifua kikabana na ngozi ikavimba, huo ni mzio mkali, na dawa hizi ni miongoni mwa visababishi vyake vikubwa kwenye upasuaji. Adrenalini: maikrogramu 50 kwenye mshipa zikirudiwa, au miligramu 0.5 kwenye paja kama hujazoea kuitoa mshipani. Maji mengi, miguu juu, oksijeni kamili.

*Moyo umesimama dakika chache baada ya suksa.* Fikiria potasiamu. Kandamiza kifua, kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 mililita 10 hadi 30 kwenye mshipa, kisha insulini na glukosi.

*Joto linapanda, misuli migumu, mapigo yanakimbia.* Funga halotheni, oksijeni kamili, puliza kwa kasi, mpoze kwa maji na barafu, maliza upasuaji upesi, piga simu ya rufaa sasa hivi. Dawa yake, dantrolini, haipatikani kirahisi, kwa hiyo kuwahi ndiyo tiba yako.

*Upasuaji umeisha, alipewa atrakuriamu au vekuroniamu, na pumzi ni dhaifu.* Utamtambua: kidevu kinadunda, kifua kinazama huku tumbo likiinuka, mikono inarukaruka kama samaki nchi kavu. Usitoe tyubu. Endelea kupuliza na umrudishie usingizi mwepesi, kwa sababu yuko macho na ana hofu. Kisha uliza kwa mpangilio: dozi ya mwisho ilikuwa lini? Neostigmini imefikisha dakika 10? Amepoa? Magneziamu au gentamaisini? Dawa kali ya maumivu inamzuia pumzi? Sukari imeshuka? Kama ni magneziamu, kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 mililita 10 polepole husaidia. Neostigmini ikishatimia kiwango chake usiongeze. Ikizidi yenyewe hudhoofisha misuli. Mpe muda.

*Alipewa suksa peke yake, dakika 20 zimepita, hapumui.* Hapa kosa kubwa ni kuchoma neostigmini. Usifanye. Neostigmini hukizuia kimeng'enya kinachovunja suksa, na utamrefushia tatizo. Mwache na tyubu, mlaze kwa ketamini kidogokidogo au usingizi wa kuvuta, mpulizie kwa saa zitakazohitajika, mkipokezana mikono kwenye ambu kama hakuna mashine. Karibu wote hurudi wenyewe. Mpe rufaa kwenda hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi, kama Benjamin Mkapa au hospitali ya rufaa ya mkoa, lakini asafiri akiwa na tyubu, oksijeni ya kutosha barabara nzima na mtu anayejua kupuliza.

Akizinduka, mweleze kilichotokea kwa lugha anayoielewa, muulize kama alikuwa na habari ya yaliyokuwa yakiendelea, na umwandikie barua yenye jina la dawa, kiasi, na muda aliokaa bila kupumua. Barua iandikwe kwa herufi za kusomeka, nakala ibaki kwenye jalada. Tatizo hili likiwa la kurithi, ndugu zake wa baba na mama mmoja wanaweza kuwa nalo. Waambiwe waitaje barua hiyo kila wanapoingia hospitali kwa upasuaji wowote.